Picha Yako Si Mbovu

Windows Photo Viewer, programu ya kuangalia picha iliyokuwamo ndani ya Windows 7, ilikuwa na ujumbe mmoja ambao ningeuweka makumbusho. Unabofya picha mara mbili, dirisha linafunguka, na badala ya picha unaambiwa kwamba haiwezi kuonyeshwa kwa kuwa huenda kompyuta yako haina kumbukumbu ya kutosha. Ushauri unafuata hapo hapo: funga programu usizozitumia, au kama diski imekaribia kujaa punguza vitu, kisha jaribu tena. Mtu anafunga kila kitu. Anafuta filamu alizokuwa hajazimaliza. Anajaribu tena, na ujumbe ni uleule.

Tufanye hesabu. Picha ya simu yenye pikseli milioni 12 ina uzito wa megabaiti 3 au 4 ikiwa imebanwa kwa JPEG. Ikifunguliwa, kila pikseli hudai baiti 3, kwa hiyo picha nzima inachukua megabaiti 36 hivi. Laptopu ya kawaida mtaani ina RAM ya gigabaiti 4 au 8. Hata hiyo ya 4 ingebeba picha kama hiyo zaidi ya mia moja kwa mpigo. Kumbukumbu haina kosa lolote hapa. Mara nyingi kilichokwama ni rangi.

Kila skrini ina namna yake ya kutoa nyekundu, kijani na bluu. Ndiyo maana ndani ya kompyuta hukaa faili dogo, profaili ya rangi, linaloeleza tabia za skrini hiyo kwa kanuni za International Color Consortium, chombo kilichoanzishwa mwaka 1993. Picha nayo inaweza kubeba profaili yake. Programu inayojali rangi huchukua maelezo ya pande zote mbili na kupiga hesabu ili nyekundu ya picha iwe nyekundu ileile kwenye skrini. Sasa profaili ya skrini ikiwa na hitilafu, au ikiwa ya aina ambayo programu haiiwezi, hesabu inagoma. Na profaili hizi huingia kimyakimya pamoja na draiva au sasisho, bila mwenye kompyuta kuulizwa. Hesabu ikigoma, Photo Viewer haina sentensi ya kulieleza jambo hilo, basi inaisingizia kumbukumbu.

Tiba yake haina gharama. Andika colorcpl kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, chagua skrini yako, weka alama kwenye kisanduku cha kutumia mipangilio yako mwenyewe, ongeza profaili ya sRGB, kanuni iliyotungwa na HP na Microsoft mwaka 1996, uifanye ndiyo ya msingi. Funga, kisha fungua picha upya. Ukitaka kuthibitisha kabla ya kugusa chochote, ifungue picha hiyo kwa Paint, ambayo haijishughulishi na profaili. Ikionekana vizuri humo, picha ni nzima na RAM ni nzima.

Profaili hiyohiyo ya skrini ikiwa na kasoro ndogo zaidi haizuii picha kufunguka, ila inaipaka rangi. Mandhari meupe ya picha ya pasipoti yanageuka manjano kama karatasi ya zamani. Mteja analalamika kwamba studio imemharibia, studio inachapa upya, na karatasi inatoka nyeupe kama ilivyotoka mara ya kwanza, maana manjano ilikuwa kwenye skrini tu.

Nimeanza na ujumbe huu kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa mzima. Karibu kila tatizo ambalo mitaani kwetu linaitwa "picha mbovu" halimo ndani ya picha. Limo katika taarifa ambayo programu imeificha, au imeieleza kwa uongo, na anayelipia uongo huo ni yule mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuugundua. Analipa kwa fedha, kwa siku nzima ya kuzunguka, na mara nyingine kwa picha zenyewe.

Katika steshenari moja pale Kariakoo niliona jinsi malipo hayo yanavyoanza. Mama mmoja alileta flashi yenye picha za mahafali ya mwanawe, zilizopigwa kwa iPhone ya ndugu, akitaka zisafishwe tano za ukubwa wa kuweka kwenye fremu. Kijana wa kompyuta akaichomeka. Mafaili yakajipanga, yote yana ikoni nyeupe isiyo na sura. Akabofya moja, kompyuta ikauliza lifunguliwe kwa programu gani. Akachagua moja, ikakataa. Akachagua nyingine, ikakataa.

"Mama, hizi picha ni mbovu."

"Mbovu vipi, mwanangu? Mbona asubuhi kwenye simu nimeziona?"

"Kwenye simu ni kitu kingine, mama. Flashi yako ina virusi. Tuifomati, halafu ukaziombe tena."

Mama alikuwa ameshaanza kukubali. Aliyemwokoa ni mteja mwingine aliyekuwa akisubiri kutoa kopi, akamwomba kijana awashe kitu kimoja tu: zile herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina la faili, ambazo mafundi huziita ekstensheni, na ambazo Windows huzificha. Zikatokea: HEIC, HEIC, HEIC, mstari mzima. Flashi haikuwa na kirusi hata kimoja. Kijana, ambaye si mjinga hata kidogo na anazijua pembe zote za Photoshop, akafanya kile ambacho wengi wetu hufanya. Akabofya jina, akafuta HEIC, akaandika JPG. Ikoni ikabadilika, picha haikufunguka.

Haikufunguka kwa sababu jina si kitu chenyewe. HEIC ni picha iliyobanwa kwa ufundi wa HEVC, uleule unaotumika kubana video, katika mfumo uitwao HEIF ambao kundi la MPEG liliukamilisha mwaka 2015. Apple waliuingiza kwenye iPhone mwaka 2017 kwa iOS 11, na faida yake ni ya kweli: picha huchukua karibu nusu ya nafasi ambayo ingechukua ikiwa JPEG. Lakini HEVC imezungukwa na hataza, na anayeisoma anatakiwa kulipa. Ndiyo maana kompyuta nyingi za Windows zinahitaji nyongeza mbili kutoka duka la Microsoft, moja ya HEIF ambayo ni bure na moja ya HEVC inayouzwa senti 99 za dola. Hata bei hiyo si tatizo kubwa. Tatizo ni njia ya kuilipia: uwe na akaunti, uwe na kadi inayokubalika, uwe na bando, na haya yote uyafanye mbele ya foleni ya watu wanaotaka kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Kwenye steshenari ya Kariakoo halifanyiki hilo.

Kinachofanyika ni kurudi kwenye simu. Ndani ya mipangilio ya iPhone, upande wa kamera, kuna sehemu ya fomati, na humo kuna chaguo la "Most Compatible". Ukiligusa, kuanzia hapo simu inapiga JPEG. Za zamani hubaki HEIC zilivyo, ila kwenye mipangilio ya Photos kuna chaguo la "Automatic" linaloziagiza zigeuzwe zenyewe wakati wa kuhamishwa kwa waya kwenda kompyuta. Na kwa aliyekwisha kuletewa flashi, GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, hufungua HEIC bila kudai senti.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na nitakaa kidogo. Faili la picha lina vitambulisho viwili. Kimoja ni hiyo ekstensheni, ambayo mtu yeyote anaweza kuiandika atakavyo. Kingine kimo ndani, katika baiti za mwanzo kabisa, na hicho hakibadiliki kwa kubadili jina. Huhitaji chombo cha maabara kukiona. Chukua picha yoyote, ifungue kwa Notepad, usihifadhi chochote, soma mstari wa juu. Utaona takataka za alama, lakini katikati yake kuna maneno. JPEG mara nyingi hujitaja kwa JFIF au Exif karibu na mwanzo. PNG huandika PNG baada ya alama moja ngeni. GIF huanza na GIF87a au GIF89a. WebP huanza na RIFF na herufi chache mbele husema WEBP. Na picha ya yule mama ingesema ftypheic, hata ungeibatiza JPG mara mia.

Ujuzi huu si mpya. Unix ilikuwa na amri iitwayo file, inayochungulia ndani ya faili na kusema ni la aina gani, tangu mwaka 1973. Zaidi ya miaka 50 baadaye, unapobofya faili mara mbili kwenye Windows, mfumo bado unatazama herufi za mwishoni mwa jina na kumwita aliyeandikishwa kwa herufi hizo. Hauchunguzi. Ukimwita asiyehusika, yeye ndiye anayekuja kukwambia faili limeharibika.

Na kuna mtego mbaya zaidi, kwa sababu mara nyingine kubadili jina hufaulu. Wengi wamewahi kupakua picha kwa Chrome ikaja na ekstensheni ya ajabu, .jfif. Wanaipeleka kwenye fomu ya mtandaoni ya kuomba kazi au mkopo, fomu inakataa: inataka JPG tu. Wanabadili jina kuwa .jpg, fomu inakubali. Imekubali kwa sababu ndani ilikuwa JPEG tangu mwanzo. Ni rejista ya Windows ndiyo iliyoandikwa kwamba picha za aina hiyo zihifadhiwe kwa jina la .jfif. Sasa mtu huyo amejifunza kwamba dawa ni kubadili jina. Wiki ijayo anapakua WebP, fomati ambayo Google waliitoa mwaka 2010 na ambayo tovuti nyingi huitumia kwa wepesi wake, anaibatiza .jpg, na fomu inamjibu kwamba faili lake ni batili. Amefanya kilekile kilichofaulu juzi. Atajuaje tofauti, ikiwa hakuna aliyemwonyesha kwamba kuna tofauti?

Kuna programu inayomwonyesha, na si ya kampuni kubwa. IrfanView iliandikwa na mtu mmoja, Irfan Škiljan, mzaliwa wa Jajce huko Bosnia aliyesomea Vienna, akaitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na mpaka leo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Ukiipa faili la PNG lililovalishwa jina la JPG, haikwambii picha ni mbovu wala haiitaji RAM. Inakuonyesha picha, kisha inakuonya kwamba hili ni faili la PNG lenye ekstensheni isiyo sahihi, na inauliza kama ungependa ikubadilishie jina. Ndiyo yote ninayoomba katika makala hii. Mtu mmoja aliweza kuandika sentensi hiyo katika programu ndogo inayofunguka kwa kufumba na kufumbua hata kwenye mashine chovu. Makampuni yenye wahandisi maelfu hayana kisingizio.

Utetezi wao kuhusu kuficha ekstensheni naujua. Tangu Windows 95 zimefichwa kwa sababu, wanasema, watu wa kawaida huzifuta kwa bahati mbaya wakati wa kubadili jina, kisha faili linakosa wa kulifungua. Hoja hiyo ilikuwa na uzito zamani. Lakini tangu Windows Vista, ukibonyeza kubadili jina, mfumo hukuwekea kivuli kwenye jina peke yake na kuiacha ekstensheni pembeni, na ukiigusa unapewa onyo. Ulinzi upo. Kuficha kumebaki kwa mazoea, na mazoea hayo yana bei.

Bei yake ilijulikana dunia nzima Mei 2000, pale kirusi cha ILOVEYOU kilipotoka Ufilipino kikiwa ndani ya barua pepe, kimejiita LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Kwa kuwa mkia wa mwisho ulifichwa, watu waliona TXT, wakadhani ni maandishi tu, wakabofya. Huku kwetu tuna toleo letu tunalolijua vizuri zaidi: flashi inayotoka chuoni au kwenye steshenari ikiwa na kitu chenye sura ya folda kinachoitwa "picha za harusi", kumbe mwishoni mwa jina kuna .exe isiyoonekana. Mtu anafungua folda, anafungulia kirusi.

Msidhani ni habari ya zamani. Aprili 2025 WhatsApp walitangaza kosa katika programu yao ya Windows, kwenye matoleo yote ya kabla ya 2.2450.6. Kiambatisho kilionyeshwa kwa kufuata aina iliyotajwa na aliyekituma, lakini ukikifungua, mfumo ulifuata ekstensheni ya jina lake. Kwa hiyo kitu kingeweza kuonekana kwenye mazungumzo kama picha, ukakigusa ukaendesha programu ya mshambuliaji. Ni vitambulisho viwili vilevile nilivyoeleza, safari hii vikigombana ndani ya programu moja ambayo kila familia inaitumia. Aliyekuwa bado hajasasisha, asasishe.

Kuziona ekstensheni ni kazi ya nusu dakika. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, bonyeza View, kisha Show, kisha File name extensions. Kwenye Windows 10 kisanduku chake kimo ndani ya View moja kwa moja. Fanya hivyo leo kwenye kila kompyuta unayoimiliki, na kwenye ya mzee wako.

Nije kwenye suala la nani anafungua nini, maana hapo ugomvi si wa kiufundi tu. Zamani programu yoyote uliyoiweka ingeweza kujiandikisha yenyewe kuwa ndiyo mfunguaji wa JPG, na nyingi zilifanya hivyo bila haya. Unaweka programu ya kuchoma CD, kesho picha zako zote zinafunguliwa nayo. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft waliufunga mlango huo. Uamuzi wako huhifadhiwa kwenye rejista ukiwa na alama ya uhakiki iliyokokotolewa kwa siri, na programu nyingine ikiandika chochote pale bila alama sahihi, Windows inakitupa. Wazo zuri. Lakini aliyeshika ufunguo wa mlango naye ana programu yake ya kuuza. Watumiaji wa Windows 10 wanaukumbuka ule ujumbe wa pembeni: programu fulani imesababisha tatizo kwenye mpangilio wa mafaili ya .jpg, kwa hiyo umerudishwa kwa Photos ya Microsoft. Hujauliza, hujalalamika, ulikuwa umechagua IrfanView kwa hiari yako, na ghafla uko kwa Photos, ambayo kwenye kompyuta yenye diski ya zamani inachukua muda wa kunywa chai kabla picha haijatokea.

Huko Ulaya jambo la namna hii lina meno. Machi 2013 Tume ya Ulaya iliipiga Microsoft faini ya euro milioni 561 kwa kushindwa kuwaonyesha watumiaji ukurasa wa kuchagua kivinjari, kama ilivyokuwa imeahidi. Lakini kivinjari kina fedha za matangazo nyuma yake. Programu ya kuangalia picha haina bwana wa kuitetea mahakamani, na mwenye picha wa Mbagala au Kisumu hana tume.

Alichonacho ni kitufe cha kulia cha mausi. Bofya faili kwa kitufe hicho, nenda "Open with", chagua programu nyingine, teua uitakayo, na usisahau kusema iwe daima, la sivyo kesho mtarudi palepale. Kisha rudia kwa .jpeg, kwa .png, kwa .webp, kwa kila moja peke yake, kwa sababu Windows inazihesabu kuwa ni vitu tofauti. Hata .jpg na .jpeg, ambazo ni kitu kimoja. Tofauti ya herufi hiyo ilizaliwa na MS-DOS, iliyokuwa haipokei ekstensheni ya zaidi ya herufi tatu. Mfumo huo umekwisha kuzikwa, na bado unatugawia kazi.

Ukishachagua na picha bado hazifunguki, angalia programu uliyoichagua inaishi wapi. Nimeona mara nyingi fundi akiendesha programu kutoka kwenye flashi yake mwenyewe, anaiteua iwe mfunguaji wa picha, anaondoka na flashi. Windows inabaki ikimtafuta mtu kwenye diski E ambayo haipo. Vivyo hivyo programu ikifutwa nusu nusu, jina lake hubaki kwenye orodha na kazi hakuna wa kuifanya.

Picha zinazolala ubavu nazipitia haraka. Kihisi cha kamera ya simu hakigeuki unapoisimamisha simu. Simu huandika tu namba ndani ya faili, kuanzia 1 hadi 8, kuieleza programu igeuze upande gani. 1 maana yake iache ilivyo, 6 maana yake izungushe robo kwenda kulia. Programu inayoisoma namba hiyo inakuonyesha picha imesimama, isiyoisoma inakuonyesha imelala. Photo Viewer ya Windows 7 haikuisoma. Fomu nyingi za mtandaoni nazo haziisomi, na ndiyo maana picha iliyosimama kwenye simu yako inalala kwenye ombi lako la kazi. Usihangaike kuigeuza kwenye simu mara nne. Ifungue kwa Paint au programu yoyote ya kuhariri, hakikisha imesimama, ihifadhi kwa jina jipya, na utume hilo jipya.

Kuna picha ambazo kweli zimeharibika, na ni haki kuzitenga na hizi nyingine. Zinajulikana. Nusu ya juu ni picha, nusu ya chini ni kijivu kitupu: faili limekatika, pengine flashi ilichomolewa kabla kunakili hakujaisha. Hakuna programu ya kuangalia picha itakayorudisha kile ambacho hakikuandikwa. Nyingine huwachanganya watu zaidi, kwa sababu kwenye folda unaiona ndogo, safi kabisa, lakini ukiibofya haifunguki. Kamera nyingi huweka nakala ndogo ya picha ndani ya faili lilelile, karibu na mwanzo, na Windows hutumia hiyo kukuonyesha ikoni. Nakala ndogo imenusurika, kubwa imekatika. Kama kadi ya kamera bado ipo, acha kupiga nayo hata picha moja zaidi, itoe, na uiendeshee PhotoRec, programu ya bure inayotafuta picha kwenye kadi kwa kutumia zile baiti za mwanzo bila kujali majina. Picha zitarudi zikiwa na majina ya namba, f na tarakimu, na tarehe za mafaili hazitakuwa zile za zamani. Lakini zitarudi, nyingi zake.

Sasa fikiria hali hizi zote zikikutana kwenye meza ya fundi wa mtaani. Profaili ya rangi, HEIC, jina la uongo, programu iliyohama, namba ya kugeuza, faili lililokatika. Kwa mwenye kompyuta zote zina sura moja: nabofya, haifunguki. Na kwa fundi mwenye haraka zote zina tiba moja: kupiga window upya. Elfu kadhaa, saa mbili, mashine inarudi inang'aa. Mara nyingine tatizo linaondoka kweli, kwa kuwa profaili mbovu imeondoka na kila kitu kingine. Mara nyingine halijaondoka, kwa kuwa HEIC ni HEIC hata kwenye Windows mpya. Lakini folda ya Pictures na folda ya Desktop, ambazo kwa kawaida hukaa kwenye diski C ileile inayofutwa, zimekwenda, na humo ndimo watu wetu huweka kila kitu, kwa sababu ndipo wanapokiona.

Simlaumu fundi peke yake. Aliambiwa na mashine kwamba kumbukumbu haitoshi, akaambiwa faili limeharibika, akafichiwa herufi nne ambazo zingemwambia ukweli. Wenye kuandika somo la kompyuta la shule na vyuo vya ufundi wangeweza kumsaidia kwa kipindi kimoja tu cha kumfundisha kusoma mstari wa kwanza wa faili, badala ya kumkaririsha kizazi cha tatu cha kompyuta kilikuwa na nini.

Mpaka hapo watakapofanya hivyo, ukiambiwa picha zako ni mbovu, mwombe fundi afanye mambo matatu mbele yako kabla hajagusa kingine: aonyeshe ekstensheni, aifungue picha moja kwa Paint, na aifungue ileile kwenye kompyuta nyingine au simu. Na akishikilia kwamba lazima apige window, kubali baada ya yeye kunakili Pictures na Desktop kwenye diski ya nje, kuichomeka diski hiyo kwenye mashine nyingine, na kukufungulia picha tatu au nne uzione kwa macho yako.